Poka ya mtandaoni: mtaji umetoka dola 100 mpaka 47 na ari imekata. Wenye uzoefu mnabakije mchezoni?

#1 Pau_Kumi
Wakuu salama.

Nina miezi minne nacheza poka mtandaoni, ile Texas Hold'em. Sio mkeka wa mpira, sio vile vindege vya kupaa, ni karata na watu wengine. Nilianza Januari na dola 100, hela ya kazi ya kudizaini mabango, nikajiapiza huu ndio mtaji siongezi hata senti. Mwezi wa kwanza nikafika 164, nikasema kumbe inawezekana. Leo asubuhi nafungua akaunti nakuta 47.

Nacheza meza ya senti 5/10 (ndio blaindi, dau za lazima kabla ya karata, ndogo senti 5 na kubwa senti 10), kiingilio dola 10, mara nyingi meza mbili kwa mpigo, na Jumapili naingia tonamenti. Muda wangu ni kuanzia saa nne usiku, mchana nina kazi na hata hivyo meza zinachangamka Ulaya ikiwa jioni. Kusoma nasoma, video naangalia, mambo ya nafasi ya kukaa mezani na karata gani uanze nazo nimeyashika.

Hela inauma ila kinachoninyima usingizi ni kwamba silioni kosa. Wiki iliyopita nimeweka zote nikiwa na A mbili mara tatu na zote tatu nimepigwa, mmoja alikuwa na K mbili, mwingine 7 na 8 za kopa, wa tatu hata sielewi alikuwa anafuata nini. Sasa hivi nikiwasha tu programu moyo unadunda, nikipata karata nzuri naiogopa. Juzi nimetupa Q mbili kabla hata ya flopu, zile karata tatu za kwanza za wazi mezani, woga tu.

Mtaji mnausimamiaje? Ari mnaitoa wapi kipindi kama hiki? Na mtu anajuaje kama ni bahati mbaya au hajui mchezo?

#2 NikoKadi254
Huku Kenya ukisema poka watu wanaelewa ile ya kuteremsha karata, ukibaki na moja unatangaza niko kadi. Ndio hiyo ama ni ile ya kwenye TV ya chipu?

#3 Pau_Kumi
Ya chipu mkuu. Hiyo yenu huku tunaiita lasti kadi.

#4 MzeeWaArubastini
Mdogo wangu, jibu liko ndani ya swali lako. Dola 100 kwenye meza ya kiingilio dola 10 ni viingilio kumi tu. Hiyo haifiki kuitwa mtaji, ni nauli ya kwenda na sina hakika kama ya kurudi ipo. Mimi sikai meza yoyote kama sina viingilio 40 vyake nyuma yangu. Shuka meza ya senti 1/2 leo hii, kiingilio dola 2, hiyo 47 inakupa viingilio 23, bado vichache ila utahema. Moyo unadunda kwa sababu kila ukikaa umebeba zaidi ya humusi ya mali yako yote mezani, na ukifungua meza mbili ni karibu nusu, nani asiogope? Woga wako una akili kuliko ratiba yako.

Yupo Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa 2000, 2006 aliamua aanze na sifuri mpaka afike dola 10,000, na alifika. Sharti lake haweki zaidi ya asilimia 5 ya mtaji kwenye mchezo wowote.

#5 Bibi_Shupaza
Mzee wangu shikamoo, hapo kwa Ferguson naongezea maana umeyachanganya kidogo. Asilimia 5 ilikuwa ya meza za kawaida na zile tonamenti za meza moja. Tonamenti kubwa za meza nyingi ni asilimia 2. Alijiruhusu kuingia chochote cha dola 2.50 kushuka chini, la sivyo asingeanza kabisa, na tonamenti kubwa ya dola 1. Na lipo sharti ambalo watu hulisahau ndilo mimi limenisaidia kuliko yote: hela yako iliyoko mezani ikizidi asilimia 10 ya mtaji wote, blaindi ikikufikia unanyanyuka, hata kama unashinda. Hata kama meza ni tamu.

Pau_Kumi hiyo tonamenti ya Jumapili kiingilio bei gani? Hujasema.

#6 MzeeWaArubastini
Marahaba binti. Nakubali, kumbukumbu ya uzee.

#7 Ghulamu_Tandika
Usikate tamaa kaka. Chris Moneymaker alikuwa mhasibu tu huko Tennessee, akaingia tonamenti ya kufuzu ubingwa wa dunia mtandaoni kwa dola 40, mwaka 2003 akaondoka na dola milioni 2.5. Jina lake la ukoo kabisa ndio hilo Moneymaker. Ari ndio hiyo, siku yako inakuja.

#8 Bibi_Shupaza
Ilikuwa dola 86, hiyo 40 ilivuma tu mwanzoni. Na mwaka ule waliingia watu 839 akashinda mmoja. Kaka Ghulamu mimi hadithi ile naipenda sana lakini kumpa mtu aliyebakiwa na 47 unamchongea, atakimbilia tonamenti.

#9 Ghulamu_Tandika
Sawa dada nimekusikia. Ila 838 waliobaki nao walienda na ari zao 😀

#10 MhasibuKimya
Nitajaribu kujibu swali la tatu maana ndilo zito na wengi wanalikimbia.

Kwenye meza za watu sita matokeo yanayumba kama blaindi kubwa 90 kwa kila mikono 100 (mkono ni mgao mmoja wa karata), huo mtikisiko ni wa kawaida, una karibu kila mchezaji. Sasa chukua mtu mzuri kweli, anayeshinda kwa wastani blaindi 3 kila mikono 100. Akicheza mikono laki moja anategemea kuwa mbele blaindi 3,000, lakini mtikisiko wa laki moja nzima ni kama blaindi 2,850. Maana yake mtu huyo mzuri, bila kosa lolote la ajabu, ana nafasi kama moja kati ya saba ya kumaliza mikono laki moja akiwa chini. Laki moja! Kwa meza mbili usiku tu mtu anaweza kuchukua mwaka na zaidi kufika hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza ni bahati mbaya au hujui, kwa miezi minne hakuna anayeweza kukuambia kwa kuangalia salio. Anayekuambia anakisia. Tupe idadi ya mikono, na utenganishe meza na tonamenti.

#11 Kisu_Kikali
Mnamlea. Kila anayepoteza poka anasema bahati mbaya, sijawahi kukutana na mtu amepoteza kwa sababu anacheza vibaya, ajabu. A mbili mbele ya K mbili inashinda kama asilimia 82, hiyo sawa umeonewa. Lakini swali la kujiuliza, huyo wa 7 na 8 za kopa alifikaje mpaka mwisho? Ulipandisha kiasi gani kabla ya flopu? Kama ulimwachia aone flopu kwa bei ya karanga umemkaribisha mwenyewe ndani na kumwekea kiti. Leta mikono yenyewe hapa tuikague, sio hadithi. Na kutupa Q mbili kabla ya flopu hiyo haina bahati ndani yake.

#12 ZamuYaUsiku
Mimi ni mlinzi, nafanya usiku wiki mbili kwa mwezi. Nilikuwa na tatizo kama lako nikaanza kuandika kwenye daftari, saa niliyoanza, saa niliyomaliza, nimeingia na ngapi nimetoka na ngapi, na neno moja la hali yangu kama nimechoka au nina hasira au nina njaa. Baada ya miezi miwili nikajumlisha. Mpaka saa sita usiku nilikuwa nashinda kidogo kidogo, kuanzia saa saba mpaka saa kumi nilikuwa narudisha yote na juu yake. Mchezo ule ule, meza ile ile, mtu yule yule. Ila yule wa saa tisa sio yule yule aisee, yule anataka tu hela yake irudi alale.

Siku hizi saa sita na nusu naweka simu chini hata kama niko chini dola 3. Wewe unaanza saa nne unamaliza saa ngapi?

#13 Pau_Kumi
Asanteni sana wote. Namaliza saa nane, saa tisa, inategemea kama nimeliwa. Nikiwa mbele nalala mapema, nikiwa chini nakaa. Hapa nilipoandika ndio nimeona.

Tonamenti dada Shupaza ni za dola 2.20 mpaka 11. Ile ya 11 nimecheza mara nane nadhani.

Mkuu Kisu mikono nitaileta.

#14 Bibi_Shupaza
Ya dola 11 kwenye mtaji wa 100 ni asilimia 11. Uwiiii.

#15 BahariNjema
Assalam alaykum. Mimi niko Mombasa na nasema kwa mapenzi tu, ndugu zangu hii ni kamari, Suratul Maida aya ya 90 iko wazi, imeitaja pamoja na ulevi. Mmeandika hesabu nzuri lakini hela ya mwenzio uliyoichukua mezani bila kumpa kitu, hata ukiipangia asilimia haitakasiki. Nilicheza karata na wazee barazani toka mdogo, bila hela, na raha ilikuwepo.

#16 Kisu_Kikali
Waalaykum salaam shekhe. Poka ni ujuzi lakini, sio kamari kama bahati nasibu. Kuna watu wanashinda miaka ishirini mfululizo.

#17 BahariNjema
Ujuzi ukiwemo haubadilishi jina la hela. Lakini sikuja kubishana, nimefikisha tu.

#18 Niliyeacha
Nilikuwa nasoma kimya lakini nimeona nijiunge kwa ajili ya huyu kijana.

Mimi nilianza na dola 50 nikasema kama wewe, siongezi. Kisha nikaongeza 20 kwa sababu nilikuwa nimebakisha kidogo nirudi pale pale. Nikaongeza tena. Sikuwahi kuongeza kubwa, ndio maana sikuona. Hela ilikuwa inatoka kwenye laini ile ile ninayolipia umeme, ada na vocha, ukitazama salio la simu huwezi kujua ipi ni ya poka ipi ni ya nyumba. Muhula wa pili mwaka jana ada ya binti yangu ilipungua laki mbili na nusu, nikamwambia mama yake kazini wamechelewesha. Yule mtoto alirudishwa nyumbani siku mbili. Alikaa sebuleni anasoma daftari la mwaka wa nyuma, mimi niko chumbani na simu nikijaribu kuirudisha hiyo hela. Ile picha sijaisahau na sitaki kuisahau.

Nilikuwa nacheza vizuri, nasema kweli, vitabu nilisoma, meza za senti 1/2 nilishinda. Tatizo langu halikuwa karata. Pau, kabla hujasoma asilimia 5 na asilimia 2 tenganisha laini. Laini ya poka peke yake, haijui nyumba yako. Na nikuulize moja tu, kuna mtu nyumbani kwako anajua imebaki 47?

#19 Pau_Kumi
Hapana kaka. Mke wangu anajua nacheza, hajui ngapi.

#20 Niliyeacha
Mwambie leo.

#21 ZamuYaUsiku
Nakazia #20.

#22 Mzaramo_NJ
Salamu kutoka New Jersey. Naongeza kitu kingine kuhusu mtaji ambacho hakijaguswa, mahali unapoukalisha. Mimi nilikuwa na dola elfu moja mia tatu kwenye kampuni moja, mtaji wangu wote wa poka, niliujenga miaka miwili kutoka meza za senti. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ikafungua mashtaka dhidi ya makampuni makubwa ya poka, asubuhi tovuti ina tangazo la FBI. Hela yangu ilikaa miaka mpaka nikaiona tena. Ari yangu haikufa kwa kupoteza, ilikufa kwa kushinda halafu nisiguse. Na huyo Ferguson mnayemsifia alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa Full Tilt, moja ya makampuni hayo, ambayo baada ya siku ile ilishindwa kuwalipa wachezaji wake. Kanuni zake ni nzuri ila na hilo liandikwe.

Toka pale sijawahi kuacha zaidi ya nusu ya mtaji kwenye akaunti ya mchezo. Nyingine iko kwangu na ninaihesabu kama mtaji bado. Huku sasa inaruhusiwa kwa sheria ya jimbo, majimbo machache tu, ila tabia ile imebaki.

#23 MzeeWaArubastini
Hilo la Full Tilt nalijua, nilitaja kanuni tu. Ila umefanya vizuri.

Kwa wanaodhani kipaji kinatosha, someni habari za Stu Ungar. Bingwa wa dunia 1980, akarudia 1981, akapotea, akarudi 1997 akachukua tena na dola milioni moja juu. Novemba 1998 akakutwa amekufa kwenye chumba cha moteli Las Vegas, miaka 45, milioni ile imeshaisha. Wengi wanasema hakuna aliyemfikia kwa karata. Kusimamia hela ni kipaji kingine kabisa, na kina watu wachache zaidi.

#24 Kisu_Kikali
Mzee Ungar alikuwa na dawa za kulevya, usimlinganishe na tatizo la viingilio.

#25 MzeeWaArubastini
Dawa zilimmaliza mwili. Hela aliimaliza pia kwenye mbio za farasi na kubeti, kila alichokishinda kwenye poka alikipeleka kwenye mchezo asioujua. Unadhani vijana wetu wanaotoka meza ya poka wanapitia kwenye mkeka ni tofauti?

#26 Rea_Moja
Samahani jamani, hakuna aliyesema kuhusu roboti. 2017 programu ya Libratus iliwapiga mabingwa wanne kule Pittsburgh, mikono 120,000, na 2019 ikaja Pluribus ya meza ya watu sita. Sasa mnadhani kwenye senti 5/10 mnacheza na watu? Huyu ndugu labda anapigana na mashine.

#27 MhasibuKimya
Roboti zipo na makampuni yanazifungia akaunti, ila Libratus ilikuwa inakaa kwenye kompyuta kubwa ya chuo, haiji kutafuta dola 10 zako. Kwenye meza ndogo ninayemwogopa zaidi ni makato. Kampuni inakata kama asilimia 5 ya kila chungu (hela zote zilizowekwa katikati ya meza) kinachofika flopu, mpaka kikomo fulani, na kwenye meza ndogo kikomo hakifikiwi mara nyingi kwa hiyo unakatwa karibu yote. Huyo ni mchezaji wa saba mezani, halipi blaindi na hashindwi.

#28 NikoKadi254
Wasee nimefuatilia hii uzi yote na bado sijui kama poka ya chipu ni job ama ni nini. Yetu ukishindwa unanunua soda tu.

#29 Ghulamu_Tandika
Ukishindwa mara 40 mfululizo na soda nazo ni mtaji kaka.

#30 Pau_Kumi
Nimerudi, siku tatu sijacheza. Nimemwambia mke wangu. Alinyamaza muda mrefu halafu akauliza kama hiyo 47 inaweza kutoka. Nikamwambia inaweza. Akasema basi iache hapo mpaka ujue unachofanya, ila usiniongezee. Nilitegemea ugomvi, ile hali ya kuuliza vizuri ndio imenigusa zaidi.

Nimefungua programu ya kuhifadhi mikono nikatenganisha kama mkuu Mhasibu alivyosema. Meza za senti 5/10 nimecheza mikono 22,300 na niko chini dola 9. Tonamenti 31, viingilio jumla 187, nimerudisha 143, niko chini 44. Kumbe karibu hasara yote ni ya Jumapili! Na makato ya meza programu inasema nimelipa dola 171. Nimeangalia hiyo namba mara tatu. Nimelipa makato zaidi ya mtaji niliokuja nao.

#31 Bibi_Shupaza
Ndio hivyo. Kwa hiyo kabla ya makato ulikuwa mbele dola 162 kwenye meza. Wewe sio mbovu kaka yangu, unawashinda watu unashindwa na makato. Acha tonamenti kubwa, shuka chini kaa na wachezaji wazembe zaidi, na tafuta sehemu inayorudisha asilimia ya makato.

#32 Kisu_Kikali
Polepole dada. Ukishuka senti 1/2 makato hayapungui kwa uzito, asilimia ni ile ile. Na anayeshinda lazima ashinde baada ya makato, kila mtu mezani anakatwa. Mimi bado nasema ni mchezo wake. Mikono haijaletwa mpaka leo.

#33 MhasibuKimya
Wote wawili mnasoma kitu ambacho hakipo. Dola 9 kwa mikono 22,300 ni hasara ya blaindi 0.4 kila mikono 100, na kwa idadi hiyo mtikisiko ni blaindi 6 kila upande, ukiuzidisha mara mbili ni 12. Anaweza kuwa mchezaji mzuri sana au mbovu sana na namba hii isibadilike. Tonamenti 31 ndio kabisa hazisemi chochote, nafasi moja ya juu ingefuta hiyo 44 yote. Na zile A mbili, zinakuja mara moja kila mikono 221, kwa hiyo umeshapewa kama mara 100, unazozikumbuka ni tatu.

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kuhusu ukubwa wa kiingilio tu.

#34 ZamuYaUsiku
Mimi nataka ziangaliwe kwa saa. Programu inaonyesha muda. Kata pale saa sita uone.

#35 Niliyeacha
Shemeji yetu abarikiwe.

#36 MzeeWaArubastini
Mimi kwa upande wangu nashikilia viingilio. Hata hizo za saa nane usiku, mtu mwenye viingilio 40 anaenda kulala kwa sababu amepoteza moja ya arobaini.

#37 Kisu_Kikali
Au hachezi vibaya saa nane kwa sababu anajua kucheza.

#38 MhasibuKimya
Pau swali la mwisho kabla hatujaendelea kujenga juu ya hiyo namba: dola 171, programu imehesabu makato ya vyungu ulivyoshinda wewe peke yake, au imekugawia sehemu kwenye kila chungu ulichoweka hela? Ni mipangilio miwili tofauti na hesabu ya dada Shupaza inasimama kwenye ule wa kwanza tu.

#39 Pau_Kumi
Sijui mkuu, kuna sehemu ya mipangilio sijawahi kuifungua. Umeme umekatika toka saa kumi, laptopu haina chaji. Ukirudi naangalia na hizo za saa sita pia.